Salamu Ambayo Wageni Hawakuisubiri

Kama ni lazima siku moja uambiwe kwamba umefiwa, omba uambiwe na Zipora Ndahani. Hapa kwetu Chilungule, kijiji kilichojitenga kidogo na barabara ya kwenda Mtera, kazi hiyo ni yake tangu akiwa msichana. Hakuna aliyemteua. Watu waliona tu kwamba akitumwa yeye, mfiwa haanguki chini wala hakimbilii porini. Basi simu ya msiba ikiingia kijijini, aliyeipokea haendi kwa mfiwa. Anaenda kwa Zipora.

Kwangu alikuja jioni, mwaka ule mume wangu alipopata ajali akirudi kutoka Manyoni. Alibisha hodi, akaketi, akaniamkia. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. Habari za hapa, nzuri. Mbuzi wamerudi? Wamerudi. Akaomba maji, akanywa taratibu. Akaniuliza kama nimekula, na niliposema bado akaingia jikoni mwangu, akasonga ugali wa uwele, akaniandalia na mlenda, kisha akakaa kunitazama nikila. Nilipomaliza kunawa ndipo aliponishika mkono na kusema, "Mwalimu, tumefikwa." Bila shaka nilikuwa nimejua tangu alipoomba maji, lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili. Siku ile nilimkasirikia sana. Baadaye nilielewa kwamba nililia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshiba.

Ndivyo tulivyo. Mtu akikuuliza habari unasema nzuri, hata kama ndani kuna maiti. Hiyo nzuri ni mlango tu, na mgeni akishaingia akakaa, ndipo anapoambiwa yaliyomo nyumbani. Mtu mzima hamwagii mwenzake balaa akiwa bado amesimama. Mimi, Angelina, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sina subira hiyo. Nasema neno langu mtu akiwa bado mlangoni, na ndiyo maana hakuna anayenituma popote.

Zipora alikuwa mwanafunzi wangu, na alikuwa na akili. Mama yake alifariki muda mfupi baada ya kumzaa Kefa, na kwa kuwa baba alikuwa mtu wa pombe, mtoto alibaki mgongoni kwa dada yake. Alikuja naye darasani. Kefa akilia, Zipora alisimama nyuma ya darasa akimbembeleza huku akinakili ubaoni. Mwalimu mkuu wa wakati huo, Mungu amrehemu ingawa sijui kwa nini, alimwambia achague shule au mtoto. Zipora akamwamkia, akamshukuru kwa yote, akafunga kanga vizuri na kwenda zake. Hakurudi tena.

Alimlea kwa uji wa uwele na maziwa ya mbuzi. Aliolewa, akaenda na Kefa. Mume akaenda Mirerani kuchimba mawe ya thamani na mpaka leo anayatafuta, basi Zipora akarudi na Kefa. Alilima karanga na alizeti, akamsomesha mpaka kidato cha nne. Kijana akawa fundi pikipiki, mrefu, mpole kama dada yake, ila ana ukaidi fulani wa kimya kimya ambao sijui aliutoa wapi. Ukimwambia Kefa kwamba skrubu imekaza, atakuja kuijaribu mwenyewe.

Diwani wetu alipofariki ukaitishwa uchaguzi mdogo, na Kefa akakubali kuwa wakala wa mgombea mmoja. Chama sikitaji. Vyama vyote vikija kwetu vinakuja na fulana na kuondoka na kura, na fulana zenyewe zinachuja rangi mara ya kwanza tu kufuliwa. Kefa aliapishwa kama mawakala wengine, na asubuhi ya kupiga kura alikuwa kituoni kabla ya wote.

Kila mtu anajua kwamba kabla ya kura ya kwanza, sanduku linafunguliwa mbele ya mawakala waone kuwa ni tupu, kisha linafungwa kwa lakiri. Nimewafundisha hilo watoto wa darasa la sita. Siku ile msimamizi wa kituo alisema sanduku limeshafungwa, muda umekwenda, tuanze. Kefa akasema, "Naomba lifunguliwe kwanza." Akaambiwa akae. Akakaa, na akiwa amekaa akasema tena, "Naomba lifunguliwe." Hakupandisha sauti. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulimsikia, na ninawajua kwa majina wote waliojifanya wanafunga kamba za viatu.

Fredy, mtendaji wetu wa kata, alikuja na mgambo. Fredy ni mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na viatu vyeusi vinavyong'aa hata kiangazi, sijui anavipangusa na nini. Alimnong'oneza Kefa neno, Kefa akatikisa kichwa. Mgambo wakamkwida shati, wakampeleka nyuma ya jengo, na gari ambalo hatukulijua likaondoka naye. Sanduku halikufunguliwa. Upigaji kura ukaanza, tukapiga.

Zipora alikwenda kituo cha polisi cha tarafa siku hiyohiyo. Wakamwambia hawana mtu wa jina hilo. Akaenda kituo kingine mbali zaidi, akajibiwa hivyohivyo. Alirudi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alikaa uani kwangu, akaniuliza habari za mbuzi, na safari hii nilimkatiza.

"Kefa yuko wapi?"

"Hawajamwandika, mwalimu," akasema. "Popote alipo hawajamwandika."

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Mtu akikamatwa akaandikwa, ana siku ya kufikishwa mahakamani, na mlango wa kumpelekea chakula unajulikana. Asiyeandikwa hayuko popote, na asiyekuwa popote anaweza asirudi, na hakuna wa kuulizwa.

Kisha tukasikia kwamba wageni wanakuja. Ubalozi wa nchi moja ya Ulaya ulikuwa umetuma watu wake kuuangalia uchaguzi wetu, na wangepita vijijini kuzungumza na wananchi. Fredy mwenyewe ndiye aliyetangaza, akatuambia tufagie. Zipora alifurahi kama aliyeambiwa kwamba mvua imeonekana. "Nikiwaambia jina la Kefa watalichukua," alisema. "Likishafika kwenye karatasi yao, hawa watamtoa. Hakuna anayetaka kuulizwa na watu wa ubalozi." Mimi siamini vitu hovyo, lakini hilo niliona lina maana. Alitoa kitenge cha kwaya. Alichemsha karanga bakuli zima, akabeba na kigoda chake kwa ajili ya mgeni.

Walifika na magari mawili. Mgeni mkubwa alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ya kitambaa, jina lake Birgit. Alikuwa ameshajifunza shikamoo na aliigawa kwa kila mtu, akamwamkia hadi mjukuu wa mzee Sila ambaye bado ananyonya. Mkalimani wake aliitwa Ludovick, mtu wa shirika moja la mjini Dodoma, mwenye kitambulisho shingoni na saa kubwa mkononi. Fredy alisimama katikati yao akitabasamu.

Mimi nilikuwa barazani mwa ofisi ya kijiji, nyuma ya watu. Hawakuniuliza kitu, na najua sababu. Uso wangu haukaribishi maswali. Wa Zipora unakaribisha, kwa hiyo wakamwendea yeye.

"Mama, mgeni anauliza habari za uchaguzi hapa kwenu," akasema Ludovick.

"Nzuri," akaitikia Zipora, akiushika mkono wa Birgit kwa mikono yake yote miwili. "Karibuni sana."

"Zoezi lilikwendaje?"

"Salama. Poleni na safari. Mgeni akae, kigoda hiki hapa."

Ludovick akatafsiri, Birgit akaandika. Kigoda kilikuwa pale mbele yake na hakukiona. Aliuliza kitu kingine.

"Anauliza kama una la kuongeza, mama."

"Ninalo," akasema Zipora. "Ila akae kwanza, aonje karanga. Nitamwambia."

Nilimwona Ludovick akitazama saa. Kisha akamtazama Fredy, na Fredy alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Ludovick akasema kwa Kiingereza, maneno machache, na Kiingereza cha kiasi hicho ninakijua: anawashukuru na anawakaribisha tena. Birgit akacheka kwa furaha, akachukua punje mbili za karanga, akapigwa picha ameshikana mkono na Zipora, na wakaanza kurudi kwenye magari.

"Wewe kijana!" nikapiga kelele kutoka barazani. "Hajamaliza huyo! Hajamaliza kuitikia!"

Milango ilikuwa imeshafungwa. Dereva alikuwa amewaambia vijana wetu kwamba samaki wameshaagizwa Mtera, wakichelewa watawakuta wamekauka. Zipora alibaki amesimama na bakuli lake, bado anatabasamu, kwa sababu tabasamu lilikuwa limeandaliwa kwa mazungumzo marefu na halikujua pa kwenda.

Yule mgeni hakujua mila zetu, na sitampiga sana mawe kwa hilo, ingawa mtu anayevuka bahari kuja kutazama wenzake wakipiga kura angeweza kuuliza kwanza wanavyozungumza. Lakini Ludovick! Huyo alizaliwa Tanzania, akalelewa na mama wa Kitanzania. Anajua vizuri kwamba hakuna mama wa kijijini anayeanza na msiba. Alijua kwamba tulikuwa bado mlangoni. Nimejaribu kumtafutia sababu ya kumhurumia na sikuipata, na kusema kweli sikutafuta sana.

Baadaye redio ikasema kwamba waangalizi wa ubalozi walitembelea maeneo kadhaa, na wananchi waliohojiwa katika kata ya Chilungule walieleza kuwa uchaguzi ulikwenda vizuri na kwa usalama. Zipora alikuwa anapepeta karanga kwangu. Mikono yake ikasimama.

"Ni mimi huyo," akasema. "Wamesema maneno yangu."

Fredy hakusubiri. Ile picha ilikuwa imewekwa mtandaoni, na alitembea nayo kwenye simu akiionyesha kilabuni, mashineni, mpaka nje ya kanisa baada ya ibada. "Hata Wazungu wamekubali," alisema. "Dada wa mtu mwenyewe kasema salama. Sasa nani anadai kuna aliyepotea?" Na Zipora alipokwenda tena kituo cha polisi, askari wa zamu alimwonyesha picha hiyohiyo. "Mama, hapa si wewe unayecheka? Nenda nyumbani."

Tangu siku hiyo aliacha kusalimia. Unaweza kusema hilo ni jambo dogo, kama wewe si wa huku. Alipishana na watu kisimani na hakufungua mdomo. Mzee Sila alimwambia mbukwa, salamu yetu ya huku, akasimama kungoja jibu, na Zipora akapita na ndoo yake. Watu walisema amechanganyikiwa. Simu ya msiba ilipoingia, familia moja ilimtuma mtu mwingine, naye akaropoka akiwa bado juu ya baiskeli, na bibi mwenye kufiwa akaanguka pale pale. Wakamlaumu Zipora kwa hilo pia. Nilipotaka kumtetea nilikuta nimeshagombana na nusu ya kijiji, jambo ambalo halikunisumbua hata kidogo.

Mwaliko ulikuja kwa simu. Ludovick! Sauti yake tamu kabisa. Shirika lake na ubalozi walikuwa wanafanya kikao cha wadau katika hoteli moja mjini Dodoma, kuwasilisha ripoti, na wangependa mama wa kwenye picha ahudhurie. Nauli italipwa. Atasimama tu watu wamwone, wampigie makofi. Zipora alimsikiliza mpaka mwisho, akasema "nitakuja," na akakata simu bila kuaga. Nikamwambia haendi peke yake.

Nimeona kumbi nyingi katika kazi ya ualimu lakini ukumbi ule ulikuwa na baridi ya kutengenezwa, kali kuliko ya Juni. Watumishi wa serikali kutoka Mtumba, kwenye wizara, walikuwepo na tai zao, watu wa mashirika, waandishi, wanafunzi wa chuo waliokuja kwa ajili ya chakula na walikuwa wakweli kuliko wote. Kila mtu alipewa kofia, kalamu, na mfuko wa kitambaa ulioandikwa *Kura Yangu, Haki Yangu*. Nimeuweka mfuko huo, natia vitunguu humo.

Balozi alizungumza. Alikuwa mzee mwenye sauti nzuri, na alieleza namna serikali yake inavyosaidia demokrasia katika nchi rafiki. Wametoa semina. Wamechapa vipeperushi. Wamefadhili mdahalo wa vijana. Wametuma waangalizi, nao wameandika ripoti yenye mapendekezo, na mapendekezo yatakabidhiwa kwa wahusika. Kila alipomaliza sentensi Ludovick aliitafsiri kwa madoido. Nilikuwa nangoja asikike mtu mmoja wa kuuliza ni nani aliyetolewa mahali kwa msaada wa kipeperushi. Hakuna aliyeuliza. Watu waliandika kwa kalamu mpya.

Kisha picha ikawaka ukutani. Zipora, mkubwa kama nyumba, akicheka, mikono yake miwili imeushika mkono wa Birgit. Chini yake pameandikwa kwamba wananchi wa Chilungule wameridhika. Ludovick akasema mama huyo tunaye hapa, asimame, makofi tafadhali, na pengine atusalimie.

Wakampa kipaza sauti. Ninyi mnajua mtu anavyoanza katika vikao vya namna ile. Anamtaja mgeni rasmi, anawataja waheshimiwa mmoja mmoja, na akichoka anasema itifaki imezingatiwa. Mtu asiyejua hayo anasema walau hamjambo. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikamsikia akivuta pumzi, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba kilichokuwa kinamtoka kilikuwa kinamuuma kuliko njaa.

"Kefa Ndahani," akasema. "Mdogo wangu. Aliomba sanduku lifunguliwe, wakamchukua. Hajaandikwa kituo chochote. Yuko wapi?"

Makofi yalikuwa yameshaanza upande wa nyuma, yakafa. Mtumishi mmoja wa mbele akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mama hana hata salamu." Zipora akamsikia. Akageuka akamtazama, na hakuomba radhi.

Ludovick alichukua kipaza sauti kingine, akaanza kusema kwamba suala hilo litafuatiliwa kwa utaratibu wake. Lakini Birgit alikuwa amesimama. Alikuja mpaka kwenye meza yetu, na mmoja wa wale wanafunzi ndiye aliyetafsiri, si Ludovick.

"Anasema, mama, yeye alikuja kijijini kwako. Alikuuliza. Ukamwambia ni salama."

"Mwambie alinisalimia," akasema Zipora. "Nikaanza kumwitikia, akaondoka. Nilimwekea kigoda."

Mwanafunzi alitafsiri, na nadhani alitafsiri yote, kwa sababu uso wa yule mwanamke ukawa mwekundu mpaka shingoni. Alimtazama Ludovick kwa muda mrefu. Ludovick alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. Sijawahi kufurahia aibu ya mtu kiasi kile na sijutii.

Balozi alikwenda kula. Wote walikwenda kula. Birgit hakwenda. Alitupakia mimi na Zipora kwenye gari la ubalozi, akamwita Ludovick kwa kidole kama mtoto, na tukaenda moja kwa moja kituo cha polisi cha tarafa. Askari wa zamu aliruka kumpa kiti, akamwambia kwa heshima zote kwamba hawana mtu wa jina hilo. Birgit akamshukuru. Halafu akakaa.

Hivyo tu. Hakutoa hotuba, hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la nje pamoja na wake wa mahabusu wenye vikapu vya chakula, jua likamfuata mpaka miguuni. Ludovick alimwambia mara kadhaa kwamba watarudi kesho na barua. Alimjibu neno moja kila mara, na nikajua maana yake bila kamusi. Zipora alitoa karanga kwenye mfuko wake mpya wa *Kura Yangu*, wakala. Birgit alikuwa anapiga simu kwa watu wake, watu wake wakapiga Mtumba, na jioni simu ya mkuu wa kituo ikaanza kuita. Aliipokea akiwa amekaa na kuimaliza akiwa amesimama. Tulilala kwa binamu yangu karibu na pale, na asubuhi benchi lilikuwa na watu walewale, Birgit akiwa wa kwanza, na kofia yake imekunjamana.

Sisemi asante. Nimeulizwa na watu kama nimesahau kushukuru, na jibu ni kwamba sikusahau. Lakini kama serikali za mbali zinataka kweli kujua zitusaidie nini siku za uchaguzi, basi zichukue pesa ya kofia, kalamu na ule mfuko wangu wa vitunguu, zimnunulie kila mwangalizi kigoda. Aje, akae, na asiondoke mpaka mtu amalize. Alichofanya Birgit siku ya pili, angeweza kukifanya siku ya kwanza, na kati ya siku hizo mbili ndipo Kefa alipokuwa.

Walimleta kabla ya adhuhuri kwa gari lilelile tusilolijua. Fredy alikuwa ameitwa kutoka Chilungule, na alisimama kwenye ngazi za kituo na viatu vyake. Kefa aliteremka taratibu. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kulia, ule wa kushikia spana, aliubeba kwa mkono wa kushoto. Askari akafungua kitabu pale pale mbele yetu, akamwandika kama aliyepokelewa asubuhi hiyo, kisha akamwambia yuko huru, ni mambo ya kutoelewana tu.

Zipora hakumkimbilia. Alikuwa amesimama kama mtu aliyebeba maji. Birgit ndiye aliyetangulia, na alikuwa amejifunza. Hakumsogezea kalamu. Alimvuta mpaka kwenye benchi, akamkalisha, akakaa naye, akamwekea karanga kiganjani mwa mkono ule mzima. Kisha akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Habari, Kefa?"

"Nzuri," akaitikia Kefa.

Birgit akaifunga kalamu, akaiweka magotini, na akangoja. Sote tulingoja. Wake wa mahabusu walingoja na vikapu vyao. Zipora aliyeuacha ulimwengu wote bila salamu aliketi chini kwenye vumbi, miguuni pa mdogo wake, akainua uso kungoja yanayofuata, kama ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amewangojesha watu maisha yake yote.

Kefa alitafuna punje moja. Macho yake yalikwenda kwenye ngazi, yakashuka mpaka kwenye viatu vya Fredy, yakabaki hapo.

"Nzuri," akasema tena. "Nzuri kabisa."

Fredy akakohoa, akatazama saa. Ludovick, ambaye kila siku ana haraka, alitoa karatasi yake na kuuliza kama sasa aandike kwamba kijana amesema yuko salama.

"Usiandike," akasema Zipora bila kugeuka. "Hajamaliza kuitikia."

Kefa sasa anaishi kwa dada yake. Pikipiki hatengenezi tena, mkono umegoma. Zipora amerudi kusalimia watu, na kazi yake ya misiba wamemrudishia, ingawa mzee Sila bado ana kinyongo na ile mbukwa. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda popote anatoa kigoda uani, anakaa mbele ya mdogo wake na kumwuliza habari. Kefa anasema nzuri. Zipora anakaa palepale na kungoja, mpaka jua linafika kwenye ukuta na karanga zinahitaji kuanikwa.